Kata Iliyotundikwa Peke Yake

Kwa miezi sita, kila siku saa moja asubuhi, Dada Ndeshi alikaa kwenye kigoda jikoni kwangu akinitazama nikimeza dawa. Vidonge kwanza, maji baadaye, kisha nafungua kinywa aone kwamba sikuficha kitu chini ya ulimi. Akiridhika alichukua kalamu niliyoifunga kwa uzi kwenye kadi ya matibabu, akaweka alama ya vema kwenye kisanduku cha siku ile. Alama zake zilikuwa kubwa kuliko visanduku. Mimi niliyesahihisha madaftari ya biolojia kwa zaidi ya miaka thelathini nilijizuia nisimwambie akae ndani ya mistari.

Sasa nimemaliza. Makohozi yangu ya mwisho yamepimwa yakakutwa safi, nami napanda tena njia ya kutoka Kiboriloni mpaka nyumbani nikipumzika mara mbili tu. Naandika kwa ajili ya mtu aliyeko kule nilikotoka, anayekohoa wiki ya tano na kujiambia ni moshi wa kuni. Habari za mapafu utaelezwa na wanaozijua. Mimi nitakueleza benchi la kungojea, magoti yaliyouma, kikombe, na kosa langu la zamani ambalo ugonjwa huu ulilifukua.

Kikohozi kilianza wakati wa masika. Mvua ya mlimani kwetu ikifika huwa imekuja kukaa. Ukungu unashuka kwenye migomba, kilele cha Kibo hakionekani hata wiki tatu, nguo hazikauki, watu wanafunga milango na kusogea motoni. Kila mtu alikuwa akikohoa, kwa hiyo kikohozi changu kilipata pa kujificha. Nilikunywa tangawizi, nikanywa asali na ndimu, nikamaliza chupa mbili za dawa ya maji kutoka duka la dawa. Nikiamka shuka limelowa. Kitenge kilichokuwa kinanizunguka mara moja na nusu kikaanza kunizunguka mara mbili. Pete ya ndoa, ambayo marehemu mume wangu aliivisha kwa kuisukuma, ilidondoka kwenye beseni la maharage.

Dalili hizo nilikuwa nimeziandika ubaoni kila mwaka. Kuzijua hakukunipeleka hospitali. Ukweli ni kwamba niliogopa kuwa mgonjwa wa kifua katika kijiji ambacho mimi mwenyewe nilikifundisha namna ya kumtendea mgonjwa wa kifua.

Aliyenipeleka ni Ndeshi. Ni binti wa baba mkubwa, kaka yake baba yangu, na amenizidi miaka mitano. Tunaishi kwenye kihamba kimoja, shamba la ukoo la migomba na kahawa, tukitenganishwa na mfereji wa maji. Kwa desturi sisi mabinti tusingekuwa na nyumba pale. Yeye alirudi ndoa ilipomshinda. Mimi baba alinikatia kipande nilipofiwa, akasema mwalimu hawezi kuzeeka kwenye chumba cha kupanga. Jiko ninalotumia ni lile lile la mama yangu, la mbao. Nimebadilisha bati tu.

"Mwalimu, unatisha kuku," Ndeshi aliniambia asubuhi moja. Huniita Mwalimu akinitania, na Aikande akiwa na neno. "Kesho tunashuka mjini."

"Ni baridi tu, dada."

"Baridi haijawahi kumvua mtu pete."

Tukashuka. Nilipewa kikopo chenye mfuniko, nikakohoa ndani yake nyuma ya jengo, nikimpa kisogo mtunza bustani aliyejifanya hanioni. Nilipimwa na virusi vya ukimwi pia, kama anavyopimwa kila mgonjwa wa namna yangu. Sikuwa navyo, ingawa hilo halikuwazuia watu wa njia panda kujua zaidi ya maabara. Jibu la makohozi lilikuwa kifua kikuu.

Ulikuwa mwezi wa sita, baridi imeshika. Nilirudi nyumbani nikafanya ninachojua kufanya, kupanga vitu. Nilitenga kikombe cha bati, sahani na kijiko. Kwenye mkono wa kikombe nikafunga uzi mwekundu. Karibu na mlango wa jikoni palikuwa na msumari wa zamani, nikakitundika hapo. Ndeshi alipokuja asubuhi ya kwanza ya dawa, nikamweleza kwa sauti ya darasani kwamba chombo kile ni changu, asikiguse, asikioshe na vingine.

Aliutazama uzi. Aliutazama na msumari.

"Kama Baba," akasema.

Hakusema kwa hasira. Alinyoosha mkono kuchukua kalamu, akaniambia nimeze, maji yanapoa.

Inabidi nirudi nyuma, nieleze maneno yale mawili.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimetoka chuo cha ualimu, wa kwanza kusoma kiasi hicho katika ukoo wetu. Jumamosi mama alikuwa akipika mbege, pombe yetu ya ndizi. Naikumbuka siku hiyo kwa harufu kuliko kwa macho: ndizi zilizoiva sana, ulezi ulioota, ule uchungu wa maganda ya mti wa msesewe. Wazee walikuwa wakija mchana baada ya kazi, miguu imejaa udongo mwekundu, wakakaa kwenye mabenchi kuzunguka moto. Mama alichota kwa kata, lile buyu lenye mkono mrefu, akaonja yeye kwanza ili watu waone haina sumu. Kisha kata ilipita mkono kwa mkono, mdomo kwa mdomo. Watu waliogombana kuhusu zamu ya mfereji walipokea kata mmoja kutoka kwa mwenzake, na mara nyingi ugomvi uliishia hapo bila hotuba. Nimehudhuria semina nyingi za usuluhishi maishani. Sijaona chombo kinachofanya kazi vizuri kuliko kile.

Baba mkubwa Ndesario alikuwa mmoja wao. Ndiye aliyebeba sanduku langu la bati kichwani mpaka Kiboriloni siku nilipokwenda chuo, huku akiwaambia tuliopishana nao kwamba ndani yake mna kichwa cha pili cha mtoto wake. Mwaka ule niliporudi alikuwa anakohoa. Nilimsikia Jumamosi mbili. Jumamosi ya tatu nikasimama katikati ya jiko, kitabu mkononi, nikawaeleza wazee kwamba ugonjwa wa kifua unapita kwenye kata, na kwamba kuendelea kunywa vile ni ujinga. Neno ujinga nililitumia. Nalikumbuka.

Mama, ambaye hakusoma, alimtazama shemeji yake, kisha akanitazama mimi. Baba mkubwa mwenyewe ndiye aliyeniokoa pale.

"Asante, Mwalimu wetu," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniita hivyo.

Jumamosi iliyofuata palikuwa na msumari mpya karibu na mlango, na kata moja imetundikwa peke yake. Baba mkubwa aliichukua mwenyewe, akaiosha mwenyewe, akakaa kwenye gogo pale mlangoni. Kata kubwa ilizunguka mabenchi ikafika karibu na mlango, ikarudi. Nilifurahi. Niliona sayansi imeingia nyumbani kwetu.

Taratibu akaanza kuja mara moja moja. Baadaye akawa anakunywa kwake. Kwa kuwa hakuonekana, hakuna aliyeona alivyokuwa akikonda, na kwa kuwa kata ilishatengwa, mimi niliona jambo limekamilika. Sikumwambia mtu ampeleke hospitali. Nilirudi kazini kwangu. Masika hayakumkuta hai.

Hayo ndiyo Ndeshi aliyoyasema kwa maneno mawili, nami nikameza vidonge nikijiambia kwamba angalau nilikuwa sahihi.

Benchi la kliniki yetu liko nje, chini ya paa lisilo na kuta. Upepo wa baridi unapita miguuni. Nilikuwa nakaa pale na Mama Zuhura, mkulima wa mpunga kutoka Mabogini, aliyenitangulia mwezi mmoja kwenye dawa na hivyo akajiona mkubwa wangu.

"Wenye presha wamo ndani, wana televisheni," alisema. "Sisi tumewekewa upepo."

"Labda wametusahau."

"Hawajatusahau. Tumekalishwa barazani kama wakwe." Alinichungulia juu ya barakoa. "Mkojo umeshakuwa wa rangi ya Fanta?"

"Tangu jana."

"Basi dawa imefika. Usiogope na machozi yakiwa hivyo. Mimi nililia kwenye kitambaa cheupe, mume wangu akadhani nimepika pilau."

Alikuwa mama wa maneno hayo. Kila kliniki alinipa jambo moja la kushika: nile kitu saa moja baada ya dawa hata kama sitaki, nisisimame ghafla, nisiwasikilize watakaoniambia niache dawa nikinenepa. Magoti yaliponiuma nikashindwa kuchuchumaa, aliniambia yeye yalimuuma mwezi mzima kisha yakaacha yenyewe, niwaambie tu wahudumu. Nilifarijika zaidi kwa magoti yake kuliko kwa maelezo ya daktari.

Siku niliyotimiza wiki mbili za dawa niliitwa na sista mrefu, kijana. Akasoma jina langu kwenye kadi, akainua uso.

"Shikamoo, Mwalimu."

Nilimtambua kwa macho juu ya barakoa. Nilimfundisha kidato cha pili na cha tatu, na kila mara alikuwa akikaa dirishani.

"Nyumbani unakaa na nani, Mwalimu?"

"Peke yangu. Dada yangu anakuja asubuhi kunisimamia."

"Jikoni pana madirisha?"

"Mawili. Nimeyafunga, baridi ya kwetu unaijua."

"Yafungue. Vaa masweta hata matatu, lakini yafungue. Na huyo dada aje apimwe, maana masika yote mlikuwa mnaota moto pamoja."

Nikaona ni wakati wa kumwonyesha kwamba mwalimu wake hajalala. Nikamweleza kikombe, sahani, kijiko na uzi mwekundu. Akaacha kuandika.

"Kikombe hakina kosa, Mwalimu," akasema taratibu, kama mtu anayeondoa mwiba. "Kifua kikuu hakipiti kwenye kikombe. Ni hewa. Mmoja anakohoa, mwingine anavuta, na nyumba imefungwa. Ndiyo maana hata benchi tumeliweka nje."

"Lakini niliwafundisha kwamba vyombo..."

"Ulitufundisha. Nilikwenda nalo mpaka chuoni, nikalijibu kwenye mtihani, nikakosa." Akacheka kidogo, kwa adabu. "Wengi tulirekebishwa. Unaweza kuutoa uzi."

Nilitoka nikakaa tena kwenye lile benchi. Nilikuwa nimelikalia nikilinung'unikia, bila kulisoma. Nilifikiria jiko la mama: moshi, milango imefungwa, wanaume kumi na wawili wanapumua hewa moja. Hatari kama ilikuwapo ilikuwa pale, nami nilinyoosha kidole kwenye kata. Aliyekuwa akikohoa nilimtoa kwenye kinywaji bila kufungua hata dirisha moja. Na kwa bahati mbaya iliyo ya kuchekesha, kumbe mlangoni nilikompeleka ndipo palipokuwa na hewa safi kuliko pote.

Ndeshi alipimwa. Siku mbili za kungojea jibu lake zilikuwa mbaya kuliko zangu. Nilikuwa nimemlinda asiguse kikombe huku nikimkoholea masika yote jikoni mlimofungwa. Jibu lilikuja kwamba yuko salama. Alinipa habari hiyo huku akichambua majani ya ng'ombe, kana kwamba ni bei ya ndizi.

Kuanzia hapo nilijua ninachodaiwa kusema. Na sikusema.

Sababu zilikuwapo, nilizipanga vizuri. Mwezi wa saba nilikuwa dhaifu. Mwezi wa nane dawa zilibadilishwa zikapungua, nikasema nisubiri mwili uzoee. Mwanangu Eliya, aliyeko Dar, nilimweleza kwa simu. Akasema, "Mama, hayo ni ya miaka arobaini iliyopita. Unataka kumtonesha bibi wa watu kwa nini?" Nilimshukuru, kwa kuwa aliniambia nilichotaka. Sababu ya kweli ilikuwa moja. Ndeshi ndiye aliyekuwa akiinua sufuria nisizoweza kuinua. Jumuiya ya kanisa ilipofika zamu ya nyumba yangu waliniruka, wakasema nipumzike; Ndeshi akaja siku hiyo akaimba nyimbo zote peke yake jikoni kwangu, kwa sauti mbaya, mpaka nikacheka. Niliogopa kumpoteza.

Uzi niliutoa. Kikombe nikakirudisha kabatini. Alikiona hakipo msumarini.

"Kikombe chako kiko wapi?"

"Kilivuja," nikasema.

Kuongopa kwenye jambo dogo namna ile, mbele ya mtu anayekukagua chini ya ulimi, ni kitu nisichokitakia mgonjwa yeyote.

Nimependa sayansi tangu nikiwa msichana kwa sababu ya heshima yake moja: inakubali kusahihishwa. Kilichosemwa jana kikikutwa si kweli, kinafutwa bila mtu kuuawa wala kulaaniwa. Niliwaambia hivyo wanafunzi wangu kila mwaka. Nikiwa nimekaa juani nimejifunika blanketi, miezi ile mitatu, niliona upungufu wa somo langu. Sayansi inasahihisha vitabu. Watu inatuachia sisi. Chuo kilimrekebisha sista, toleo jipya likarekebisha kitabu, lakini hakuna toleo lililokwenda kumtoa Baba mkubwa mlangoni. Hiyo haikuwa kazi ya maabara. Ilikuwa yangu, na mtu pekee aliyebaki wa kuambiwa alikuwa anakuja kila siku saa moja.

Mwezi wa tisa kahawa iliiva. Nilikuwa nimeongezeka kilo tano, naweza kuchuma nikiwa nimekaa kigodani. Zamani wakati wa kuchuma kihamba kizima kilikuwa na sauti, watoto wa pande zote, mashine ya kukoboa ikizungushwa kwa mkono mpaka jioni. Sasa watoto wako mijini, miti mingi ya kahawa imeng'olewa, tulibaki wawili na vikapu viwili. Tulichuma mti mmoja, yeye upande huu, mimi ule. Sikuwa namwona uso. Labda ndiyo maana niliweza.

"Dada, kikombe changu hakikuvuja."

"Najua. Nimekiona kabatini."

"Sista aliniambia kifua kikuu hakipiti kwenye kikombe. Wala kwenye kata." Matawi ya upande wake yaliacha kutikisika. "Nilikosea. Kata ya Baba mkubwa haikuwa na sababu ya kutengwa."

"Alikuambia lini?"

"Mwezi wa sita."

Nilisikia punje chache zikidondoka kikapuni, kisha akakiinua kikapu kikiwa nusu, akavuka mfereji.

Asubuhi iliyofuata saa moja ilifika, kigoda kikawa kitupu. Nilingoja mpaka saa mbili. Nikameza mwenyewe, nikafungua kinywa bila mtu wa kukitazama, nikajiona mjinga. Kisanduku sikukigusa. Siku ya pili vivyo hivyo, na ya tatu. Ng'ombe wake nilimsikia akilia, ndoo yake nikaisikia ikigonga jiwe la mferejini, umbali wa kutupa jiwe. Siku ya tatu nilivitazama vile vidonge kwa muda mrefu. Nilikuwa nimenenepa, kikohozi kimekwisha. Nilielewa jinsi mtu anavyoacha dawa: si kwa ujinga, bali kwa kukosa mtu wa kumeza mbele yake. Nilikumbuka maneno ya Mama Zuhura, nikameza.

Siku ya nne mlango ulisukumwa. Ndeshi aliingia na sufuria ya mtori, supu nzito ya ndizi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umemeza?"

"Bado."

"Meza."

Nikameza. Akanichungulia kinywani. Akachukua kadi, akaona visanduku vitatu vitupu, na chini yake maneno niliyoandika kwa penseli: amemeza mwenyewe, hakuna shahidi.

"Ungeweka tu alama. Nani angejua?"

"Mwenye alama hakuwepo."

Alikaa. Alikoroga mtori ambao haukuhitaji kukorogwa.

"Aikande, unajua kilichonikasirisha?"

"Baba mkubwa."

"Baba nilishamlilia nikamaliza. Ulisema ulichofundishwa, na mimi nilikiamini. Ule msumari ni mimi niliyeupigilia. Mama yako alinipa nyundo." Aliutazama msumari pale ulipo. "Kilichonikasirisha ni kwamba umejua tangu mwezi wa sita. Wa saba, wa nane, mpaka kahawa imeiva. Kila asubuhi nakuchungulia kinywani, na neno lilikuwa humo humo."

Kukosea kwangu kulikuwa kwa msichana mwenye kitabu. Kunyamaza kulikuwa kwa mwanamke mzima mwenye akili zake.

"Aliumia?" nikauliza mwishoni.

"Aliumia. Nisikudanganye. Nilimwuliza mbona hakukukasirikia. Akasema, huyu mtoto amesoma sana, ila hajawahi kukaa mlangoni. Siku akikaa, ataongezea elimu yake." Alinimiminia mtori kwenye bakuli, akajimiminia na yeye. "Haya, umekaa. Kula kabla haujapoa."

Akaweka alama ya siku ile, kubwa kuliko kisanduku. Vile vitatu hakuvigusa, nami sikumwomba. Viko vitupu mpaka leo kwenye kadi ambayo nimeitunza. Siku hiyo hatukurudia tena jambo lile. Nilipomaliza kula alichukua bakuli langu na lake, akaviosha pamoja kwenye beseni moja.

Mvua za vuli zilikuja na kupita. Mjini mijakaranda ilimwaga maua kwenye njia ya kwenda kliniki, na benchi letu likawa na watu wapya ambao mimi sasa nilikuwa nawauliza habari za mkojo. Mama Zuhura alimaliza kabla yangu, akaniachia kifuko cha mchele wa Mabogini na amri ya kuula wote. Mwezi wa kumi na mbili, siku chache kabla ya Krismasi, nikameza vidonge vya mwisho. Ndeshi aligeuza kadi, akatazama nyuma kama kuna visanduku vingine vimejificha.

"Basi?"

"Basi."

"Nitakuwa naamka saa hizi kufanya nini?"

Sikukuu watu wa kwetu hurudi mlimani. Eliya alikuja na mkewe na watoto, wanawe Ndeshi wakaja kutoka Arusha, na mahali palipokuwa na wachumaji wawili pakawa na kelele. Ndeshi alipika mbege jikoni kwangu, siku zote zinazotakiwa. Harufu ya ulezi ilipotoka nililazimika kutoka nje kidogo. Mama alikuwa mle ndani, na wazee wote, na miguu yao yenye udongo.

Madirisha nilikuwa nimeyafungua. Wageni walilalamika baridi, wakapewa blanketi. Mimi nilikaa kwenye gogo mlangoni, kwa kuwa siku hizi napenda hewa. Ndeshi akatoa kitu kwenye mfuko wa plastiki. Ilikuwa kata, nyeusi kwa moshi wa zamani, mkono wake umeng'aa kwa kushikwa.

"Baada ya msiba wa Baba, mama yako alitaka kuichoma," aliniambia. "Nikaiomba. Nimeiloweka siku mbili, ilikuwa imekauka sana."

"Mama mkubwa, vikombe vipo," Eliya akasema. "Nimekuja na dazeni nzima."

"Vya kwako utanywea chai, mtoto wa mjini."

Alichota. Akaonja yeye kwanza, kama ilivyo desturi. Kwa haki angempa mkubwa wa waliokaa mabenchini. Badala yake alikuja mpaka mlangoni akanipa mimi. Nilionja kidogo tu, maana ini langu lililochoshwa na dawa bado liko likizo, na tone moja lilipita kwenye ufa mdogo likanidondokea gaunini. Kisha nikaipitisha. Nilifuata kila mkono kwa macho. Eliya, mkewe, wanawe Ndeshi, jirani, mzee wa jumuiya aliyeniruka zamu. Kata ile ilikuwa imejua mdomo mmoja tu tangu ilipopigiliwa msumari. Ilizunguka mabenchi yote, ikarudi mlangoni tupu.

Kesho yake saa moja asubuhi mlango ulisukumwa. Hakukuwa na dawa ya kusimamia. Ndeshi aliingia na nyundo, hakunisalimu, akaenda ukutani akautia ule msumari meno ya nyundo, akavuta. Ulitoka kwa sauti kama ya mtu anayelalamika usingizini. Akautia mfukoni, akakaa kwenye kigoda, akaomba chai.

Kwenye ubao pamebaki tundu. Upepo unapita hapo. Sijaliziba.